Matatu Moja ya Mawakili

Bibi yangu ananiita Wakili. Alianza siku barua ya kuitwa chuo ilipofika Msambweni, na hajaacha mpaka leo, ingawa nilitoka chuoni mwaka wa pili, muhula wa pili, na digrii yenyewe sikuipata. Karo ilikwisha kabla ya masomo. Siku hizi naandika makala za watu kwa malipo ya kila neno, nikiwa na laptopu ya mkono wa pili na bando la usiku. Lakini nikienda nyumbani, nikifika tu pale chini ya mwembe na kumwamkia shikamoo, bibi anajibu, "Marahaba Wakili," halafu anaingia ndani kuleta faili.

Hilo faili ni la kaki, limefungwa kwa kamba ya mkonge. Ndani mna stakabadhi za kodi, barua za chifu, ramani iliyochorwa kwa kalamu ya risasi, na tangu miaka michache iliyopita, karatasi za mahakama. Kuna mtu mwenye hatimiliki ya ardhi ambayo bibi amelima tangu alipoolewa. Hati imeandikishwa mwaka 1994. Mtu mwenyewe hatukuwahi kumwona akilima hata mhogo. Alikuja siku moja na gari, akatembea kwenye mipaka, akaondoka. Barua zikafuata.

Wakili tuliyemlipa alikuwa mtu wa mjini. Alichukua pesa ya mbuzi watatu, akafika mahakamani mara moja, akaacha kupokea simu. Ndipo bibi akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Kwani nyinyi hapa kwetu hamsomi hiyo sheria? Mawakili wanatoka wapi?"

Alikuwa ananitupia lawama, najua. Ila swali lilinikaa. Mawakili wa Afrika Mashariki walitoka wapi? Nilianza kutafuta, na jibu halikunipeleka Nairobi. Lilinipeleka kusini, ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga, ambao kwa mtu wa Msambweni uko karibu kuliko Malindi. Ukivuka Horohoro, ukapita Tanga, ukaendelea kushuka, unafika Dar es Salaam. Huko ndiko kilikoanza chuo kidogo sana cha sheria, chenye wanafunzi ambao ungewapakia wote kwenye matatu moja na kuwapeleka Likoni. Hiki ndicho ninachotaka kukusimulia.

*

Kwanza lazima uelewe hali ilivyokuwa kabla yake.

Chini ya Waingereza, Mwafrika aliyetaka kuwa wakili alikuwa na njia moja kubwa: kupanda meli kwenda London na kujiunga na moja ya vyama vya kale vya mawakili wa huko. Pamoja na mitihani, ulitakiwa kuhudhuria idadi fulani ya chakula cha jioni katika ukumbi wa chama. Ndiyo, kula. Bila kula hizo milo huwezi kuitwa wakili. Sasa fikiria kijana wa Kinondo au Vanga, baba yake mvuvi, aambiwe uwakili unaanza na nauli ya meli na kuishia na uma na kisu mkononi.

Serikali ya kikoloni haikuwa na hamu ya kuwasomesha Waafrika sheria hata kidogo. Walimu walitakiwa, wauguzi walitakiwa, mabwana shamba walitakiwa. Wanasheria walionekana ni watu wa kuleta matata, na kwa kweli waliyaleta. Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kufanya kazi ya uwakili, alirudi nyumbani katika miaka ya 1950 na kuanza kuwatetea watuhumiwa wa Mau Mau. Ukiwa mkoloni, hutaki wenye akili ya namna hiyo wawe mia moja.

Makerere kulikuwa na udaktari. Nairobi kulikuwa na uhandisi. Sheria haikuwepo popote.

Halafu upepo ukageuka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kila mtu aliona uhuru unakuja, na Waingereza wakashtuka kwamba wanakaribia kukabidhi nchi zisizo na mahakimu, waendesha mashtaka, wala waandishi wa sheria wazaliwa. Tanganyika ilikuwa na wanasheria Waafrika wa kuhesabu kwa vidole. Ikaundwa kamati ya kuangalia elimu ya sheria kwa wanafunzi wa Afrika, ikiongozwa na jaji maarufu wa Uingereza, Lord Denning. Ripoti yake ilitoka mwaka 1961. Kwa ufupi ilisema kwamba Waafrika wafundishwe sheria nyumbani kwao, na kwa Afrika Mashariki mahali pa kuanzia pawe Dar es Salaam.

*

Tarehe 25 Oktoba 1961 chuo kikafunguliwa. Uhuru wa Tanganyika ulikuwa tarehe 9 Desemba. Kwa hiyo chuo kiliitangulia nchi kwa siku arobaini na tano.

Na hakikuwa na majengo. TANU, chama cha Nyerere, kilitoa jengo lake katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, pale katikati ya jiji, karibu na Kariakoo. Kitivo kilikuwa kimoja tu, cha sheria. Wanafunzi hawakuzidi kumi na wanne. Ndiyo maana nasema matatu moja, tena bila kubananisha mtu.

Nilipoisoma hiyo idadi nilisimama kidogo. Mimi nilisomea katika ukumbi ambao ukichelewa dakika kumi unasikiliza ukiwa dirishani. Hawa walikuwa wanajulikana kwa majina wote. Mwalimu akiuliza swali, hakuna pa kujificha.

Mkuu wa kwanza wa kitivo alikuwa A. B. Weston. Kati ya walimu wa mwanzo alikuwemo kijana anayeitwa William Twining, na habari zake zinafurahisha. Alizaliwa Kampala. Baba yake, Edward Twining, ndiye aliyekuwa gavana wa Tanganyika kuanzia 1949 hadi 1958. Yaani baba aliitawala nchi kwa niaba ya Uingereza, na miaka mitatu baada ya baba kuondoka, mtoto amekaa katika jengo la TANU anawafundisha Watanganyika sheria watakayotumia wakijitawala. Historia ya Afrika Mashariki ina vichekesho vyake.

Mwanzoni digrii ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi matatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Kazi ziligawanywa. Ukitaka udaktari, Makerere. Uhandisi, Nairobi. Sheria, Dar. Kwa hiyo kwa karibu miaka kumi, Mkenya, Mganda na Mtanzania waliotaka digrii ya sheria bila kwenda ng'ambo walikutana darasa moja. Mwaka 1964 wakahamia kilimani, kule ambako watu wa Dar mpaka leo wanakuita Mlimani.

*

Walifundishwa nini? Hapa ndipo penye utamu, na penye uchungu.

Hakukuwa na vitabu vya sheria ya Afrika Mashariki. Kulikuwa na vitabu vya Uingereza, vyenye kesi za watu waliogombania visima na mabomba huko kwao. Walimu wakalazimika kukusanya hukumu za mahakama za huku, kuzichapa kwa mashine, na kuzigawa kwa wanafunzi. Yash Ghai, Mkenya aliyezaliwa Ruiru, alifika Dar mwaka 1963 akiwa bado katika miaka ya ishirini, akaja kuwa mkuu wa kitivo. Yeye na Patrick McAuslan walichapisha mwaka 1970 kitabu kinene kuhusu sheria za utawala na mabadiliko ya siasa nchini Kenya. Kitabu hicho kilitoka katika hali hiyo ya kukosa vitabu.

Kuna tarehe moja kila mwanafunzi wa sheria Kenya anaijua, na mimi niliikariri wiki ya kwanza: 12 Agosti 1897. Sheria yetu ya mahakama ya mwaka 1967 inasema kwamba pale ambapo Kenya haina sheria yake juu ya jambo fulani, mahakama inaweza kufuata kanuni za Uingereza pamoja na baadhi ya sheria zilizokuwa zinatumika kule siku hiyo. Mila zetu zinaruhusiwa pia kuwa mwongozo, ila kwa masharti: zisiwe za kuchukiza haki na maadili. Haki na maadili ya nani, sheria haikusema.

Nilimweleza bibi hiyo tarehe. Akahesabu kwa vidole akitaja majina ya wazee, halafu akasema kwamba 1897 babu ya babu yake alikuwa ameshapanda minazi hapa. Sikuwa na la kuongeza.

*

Mwaka 1966 Mlimani palichafuka. Serikali ya Tanzania ilitaka wanafunzi wa vyuo wapitie Jeshi la Kujenga Taifa, na baadaye wakatwe sehemu kubwa ya mshahara kwa muda. Tarehe 22 Oktoba wakaandamana wakiwa wamevaa majoho yao mekundu. Bango moja lilidai kwamba wakati wa mkoloni kulikuwa afadhali. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza mamia, warudi makwao. Siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Hadithi hii huwa nairudia kichwani. Mtu aliyefukuzwa chuo nami tunafanana kwa mbali, ingawa wao waliondoshwa na rais na mimi niliondoshwa na salio la akaunti. Lakini baada ya hapo chuo kilibadilika. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na pale kitivoni swali likawa: sheria tunayofundisha inamtumikia nani? Walter Rodney kutoka Guyana alikuwa anafundisha historia. Yoweri Museveni alikuwa mwanafunzi, akiongoza kikundi cha wanamapinduzi. Kijana mmoja wa sheria, Issa Shivji, aliandika juu ya mapambano ya matabaka nchini Tanzania katika jarida la wanafunzi lililoitwa Cheche. Mwaka 1970 serikali ikalipiga marufuku hilo jarida. Shivji akabaki pale pale kama mwalimu wa sheria kwa miongo kadhaa.

Kwa hiyo usidhani ilikuwa pepo. Chuo kilikuwa cha umma, na kila cha umma kina mwenyewe, na mwenyewe akichukia unasikia. Lakini ilikuwa kawaida kule kuuliza kama sheria ni ya haki, siyo tu kama umeikariri.

Sasa tazama waliotoka. Joseph Warioba, aliyehitimu 1966, alikuja kuwa mwanasheria mkuu na waziri mkuu wa Tanzania, na baadaye akaongoza tume iliyoandika rasimu ya katiba mpya. Julie Manning, mwanamke wa kwanza kusoma sheria pale, kufikia 1975 alikuwa waziri wa sheria, wakati ambapo nchi nyingi zilizoendelea hazikuwa zimewahi kumpa mwanamke kazi hiyo.

Na Kenya? Shika hapa. Tume iliyoundwa 2000 na kuzunguka nchi nzima kukusanya maoni ya katiba ilikuwa chini ya Yash Ghai, mwalimu wa Dar. Mwanasheria mkuu wakati katiba inatangazwa tarehe 27 Agosti 2010 alikuwa Amos Wako, mwanafunzi wa Dar. Jaji mkuu wa kwanza chini ya katiba hiyo, 2011 hadi 2016, alikuwa Willy Mutunga, mwanafunzi wa Dar, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa sheria Nairobi na aliwekwa kizuizini bila kesi wakati wa Moi. Watu watatu wenye tabia tatu tofauti kabisa, na si kwamba walikubaliana kila jambo. Lakini ukiishika ile katiba mkononi, jua ina vumbi la Mlimani.

*

Ule umoja haukudumu. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa, kila nchi ikabaki na chake. Nairobi ikaanzisha kitivo chake cha sheria mwaka huohuo. Mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ikafa, na Tanzania ikafunga mpaka mpaka 1983. Wazee wa Lunga Lunga bado wanakumbuka: ndugu upande huu na ndugu upande ule, harusi inapigwa na huwezi kwenda.

Kwetu Pwani hii ilikuwa na maana yake. Kwa zaidi ya miaka ishirini Kenya nzima ilikuwa na kitivo kimoja cha sheria cha umma, Nairobi, mpaka Chuo cha Moi kilipoanza chake Eldoret katika miaka ya 1990. Ukitoka Msambweni ulihitaji alama za juu kutoka shule ambazo hazikuwa na walimu wa kutosha, halafu nauli, halafu mahali pa kulala Nairobi. Baadaye Chuo Kikuu cha Nairobi kilileta masomo ya sheria Mombasa, na wengi wa huku wakapata nafasi, hasa wale wenye uwezo wa kujilipia. Lakini digrii peke yake haikufanyi wakili. Baada ya hapo kuna mafunzo ya Kenya School of Law, ambayo ilianzishwa wakati wa uhuru, kuna miezi ya kufanya kazi chini ya wakili mwingine, na kuna mtihani. Kila kituo kina ushuru wake. Mimi nilishuka kituo cha pili.

*

Sasa turudi kwenye faili la kaki.

Ukitaka kujua kwa nini kukosa wanasheria kuliiumiza Kwale, anza na mwaka 1908. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki za ardhi kwa ule ukanda wa maili kumi wa pwani, ambao kwa karatasi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa ajitokeze mbele ya ofisa na athibitishe. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Sasa nani angemweleza Mdigo wa Msambweni kwamba ardhi ya ukoo inatakiwa kudaiwa? Tena kwa nani, kwa lugha gani, na kwa karatasi ipi? Waliojua kuandika na waliokuwa na watu wa kuwasimamia walidai. Wengine waliendelea kulima, bila kujua kwamba wameshageuka wageni. Uhuru ulipokuja, ya Mfalme ikawa ya serikali ya Kenya. Serikali ikagawa, ikauza, ikatengeneza skimu. Ndiyo maana hapa unakutana na mzee wa miaka themanini, kaburi la babu yake liko nyuma ya nyumba, na anaitwa skwota.

Halafu kuna mkanganyiko wa ndani. Zamani kwa Wadigo mali ilipita kwa akina mama. Mtu akifa, walirithi watoto wa dada yake, wa fuko moja, siyo watoto wake wa kuzaa. Uislamu ulipoenea, sharia ikasema watoto wake ndio warithi, na mafungu yao yanajulikana. Serikali nayo ikaja na sheria yake ya urithi, iliyoanza kutumika 1981, ambayo mwaka 1990 ilibadilishwa ili Waislamu wafuate sharia yao. Kwa hiyo shamba moja la minazi lina sheria tatu juu yake. Mjomba wangu anashika ya kwanza anapotaka sehemu, ya pili anapoongea na kadhi, na ya tatu anapoona hakimu. Simlaumu. Kila mtu anashika kamba iliyo karibu.

Na huyu mwenye hatimiliki je? Hapa ndipo ule mwaka mmoja na nusu wa chuo ulipotulipa kidogo.

Kuna kanuni tuliyofundishwa katika somo la ardhi. Mtu akikaa kwenye ardhi iliyoandikishwa kwa jina la mwingine, akakaa wazi bila kujificha, bila ruhusa ya mwenye hati, bila kukatizwa, kwa miaka 12, anaweza kuiomba mahakama imtangaze kuwa mmiliki. Haitumiki dhidi ya ardhi ya umma. Ila ardhi ikishatoka mikononi mwa serikali na kuingia jina la mtu binafsi, saa inaanza kuhesabu. Ya bibi ilitoka 1994. Piga hesabu mwenyewe.

Cha ajabu ni kwamba hii nayo ni sheria yenye asili ya Uingereza. Sheria moja ya Waingereza ilisema babu zetu walikuwa kimya kwa hiyo hawana kitu. Sheria nyingine inasema mwenye karatasi akikaa kimya miaka 12 amepoteza. Zote mbili zilikuwa kwenye vitabu kwa miaka mingi. Tofauti ni kwamba ya kwanza ilitufikia na maofisa, ya pili haikuletwa na mtu. Inabidi uende ukaichukue, na ili uichukue lazima kuwe na mtu wako aliyekaa darasani siku ilipofundishwa.

Nadhani hilo ndilo jibu la swali la bibi. Chuo cha sheria, hata kikiwa kidogo cha kujaza matatu, kinabadilisha nani anajua. Dar ya 1961 haikuwa na majengo wala vitabu. Ilikuwa na watu wachache waliotoka sehemu ambazo sheria ilikuwa imezipita juu kwa juu, na ikawaambia someni hii kitu, mwisho muirekebishe. Wengine walirekebisha. Wengine walinenepa tu. Lakini kabla ya hapo hata nafasi ya kunenepa haikuwepo.

*

Kuna jambo moja hawakulimaliza. Weston, yule mkuu wa kwanza, tangu miaka ya 1960 alikuwa anaandika juu ya ugumu wa kuitia sheria katika Kiswahili. Ilichukua karibu miaka sitini. Mwaka 2021 ndipo Bunge la Tanzania lilipobadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Kenya, mahakama za chini zinaruhusu Kiswahili, lakini karatasi karibu zote ni za Kiingereza, na ukipanda juu ni Kiingereza kitupu. Bibi yangu anaongea Kidigo, Kiswahili, na Kiarabu cha sala. Kesi inayohusu uhai wake wote imeandikwa katika lugha ya nne.

Mara ya mwisho tulienda mahakamani tukiwa watatu: bibi, mama, na mimi nimebeba faili. Tulikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili. Karani akaita jina. Bibi akasimama. Zilipita dakika mbili, labda tatu, za Kiingereza cha haraka kati ya wakili wa upande wa pili na mwenye kiti. Kesi ikaahirishwa. Sikuruhusiwa kusema, na ni sawa, mimi si wakili. Nilimnong'oneza tu: "Wamesogeza mbele, bibi. Hawajaamua kitu."

Tulipotoka nje aliniuliza, "Na ile ya miaka kumi na miwili, umewaambia?"

Sikuwa nimewaambia. Haikuwa nafasi yangu. Lakini jioni ile nilikaa chini ya mwembe na kuandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili: nani anamshtaki nani, anataka nini, sisi tunajibu nini, sheria gani iko upande wetu na ina masharti gani, na mashahidi ni akina nani walio hai. Tulitaja majina ya majirani. Nikamsomea mara mbili. Akarekebisha mwaka mmoja na jina la mto. Wiki iliyofuata tukaupeleka kwa mwanasheria kijana anayesaidia watu wasio na pesa, akausoma wote pale pale, akasema sasa ameelewa kesi, na ombi letu litapelekwa mbele ya mahakama ya ardhi.

Nakala ya ule ukurasa iko ndani ya faili la kaki, juu ya karatasi zote. Deni langu la karo bado liko pale pale, na chuo kimoja kimeniambia naweza kurudi nikililipa. Nahesabu maneno. Makala hii ikilipwa, itapunguza kidogo.